Sauti Inakatika: Tuandike Kwanza, Tununue Baadaye



Wengi wetu tunakumbuka jioni ile ya siku ya Ine. Tulikuwa tumekaa katika chumba cha mkutano, tukisikiliza habari kama kawaida. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na kila mtu aliyekuwa na mzigo wa kupeleka Goma alitaka kujua hali ya njia. Mtangazaji akaanza kusema kwamba barabara ya kwenda Sake imefu... Na hapo sauti ikakatika. Iliporudi, alikuwa tayari anasoma habari za mpira.

Nusu ya chumba walisema neno lilikuwa "imefungwa". Nusu ingine walisema "imefunguliwa". Mwenzetu mmoja alikuwa na magunia manne ya maharage yaliyokuwa yanangoja gari. Kwa sababu alitamani sana barabara iwe wazi, alisikia "imefunguliwa". Alfajiri alipakia. Mbele kidogo ya Kilolirwe gari lilisimama, kwa kuwa udongo wa mlima ulikuwa umeshuka njiani. Alilala huko siku mbili chini ya shiti. Aliporudi Burungu, gunia moja lilikuwa limeanza kuota.

Tangu siku hiyo tuliacha kusema kwamba sauti inayokatika ni jambo dogo. Leo tunataka kuwaeleza namna tulivyotafuta chanzo chake, namna tulivyokosea mara mbili kabla ya kukipata, na mambo ambayo kila nyumba inaweza kupima yenyewe bila kutoa hata franka moja.

Vyombo vyetu

Kwa wale wasiofika mara nyingi: katika chumba cha shirika letu tuko na pano ya jua ya wati 50 juu ya bati, batri ya volti 12, ampli ndogo ya volti 12 yenye redio ndani yake, na bafle mbili. Ampli hiyo inapokea pia muziki au mafundisho kutoka kwenye simu kwa njia ya Bluetooth. Batri ile ile inalisha taa mbili, na kuna konvertisa ambayo wamama wanachomekea chaja za simu zao.

Vyombo hivyo si vya anasa. Redio Okapi ilianza kutangaza tarehe 25 Februari 2002, na tangu hapo watu wa milima hii wamezoea kupata habari kwa Kiswahili bila kungoja mpita njia. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, masomo yalipitishwa kwenye redio, na sisi tunaofundisha tuliona tofauti kati ya mtoto aliyekuwa na redio inayosikika vizuri na yule ambaye redio yake ilikuwa inanong'ona tu. Mtoto anayesikia nusu ya hesabu hajasikia hesabu.

Makosa yetu mawili

Kosa la kwanza lilikuwa kununua. Sauti ilipoanza kukatika tulisema bafle zimechoka. Tukafungua sanduku, tukatoa dola 25, tukaleta bafle mpya. Wiki moja ilipita vizuri, tukashangilia. Wiki ya pili sauti ikaanza tena kukatika. Tukasema tumeuziwa kitu kibaya, tukaleta zingine za dola 30. Ikawa vile vile. Jumla ni dola 55, pesa ambayo ingeweza kukopeshwa kwa wamama watatu wakati wa kupanda.

Kosa la pili ni zito zaidi, na tunaliandika hapa kwa sababu tulilifanya mbele ya watu, basi ni haki tulikiri mbele ya watu. Kuna kijana fundi ambaye alikuwa amefungua ampli yetu na kuisafisha. Sauti ilipoendelea kukatika, maneno yalianza kuzunguka kwamba ametoa vifaa vya asili na kuweka vya zamani. Hakuna aliyeona. Hakuna aliyempima. Lakini neno lilitembea kutoka kisimani mpaka sokoni, na watu wawili wakaondoa redio zao kwake. Mama yake mzazi, ambaye ni mmoja wetu, aliacha kuja kwenye mkutano.

Tatizo linalokuja na kuondoka ndilo linaleta maneno ya namna hii. Redio iliyokufa kabisa haina mashaka: imekufa, inapelekwa kwa fundi. Lakini ile inayosema leo na kunyamaza kesho inamfanya kila mtu atafute mtu wa kulaumu. Ukimpelekea fundi, mbele yake inaimba vizuri. Ukirudi nayo nyumbani, inakatika.

Daftari kwenye msumari

Katika shule tunafundishwa kwamba mtoto anayekosea mara moja anaweza kuwa alichoka tu. Anayekosea kila mara kwenye aina moja ya hesabu anakuonyesha mahali ambapo hakuelewa. Kwa hiyo mwalimu mzuri hapigi kelele kwanza. Anaangalia makosa yote, anayapanga, anatafuta yanafanana wapi.

Tulichukua daftari la kurasa 48, tukalifunga kamba, tukalitundika kwenye msumari karibu na ampli. Kila jioni, yule aliyewasha redio aliandika mambo matano: siku na saa, sauti ilikatika au hapana, mvua, upepo au jua, taa ngapi zinawaka na simu ngapi ziko kwenye chaja, na tunasikiliza redio au simu. Tulikubaliana pia kwamba kwa wiki tatu hakuna mtu atakayebadilisha kitu chochote. Tulifanya hivyo kwa sababu, ukigusa waya tatu pamoja na sauti ikapona, hutajua ni waya gani ulikuwa mgonjwa.

Baada ya wiki tatu tulikuwa na jioni 12 kwenye daftari. Sauti ilikatika jioni saba. Tulipopanga, tuliona kwamba katika jioni tano kati ya zile saba simu tano au sita zilikuwa kwenye chaja. Katika jioni ambazo sauti haikukatika, simu hazikuzidi mbili. Siku ya soko na siku ya mkutano zilikuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu ndizo siku ambazo kila mama anakuja na simu isiyo na moto.

Lakini jioni mbili zilibaki hazielezeki. Hakukuwa na simu hata moja kwenye chaja, na sauti ilikatika. Tulirudi kwenye safu ya hali ya hewa. Siku zote mbili mtu alikuwa ameandika neno moja: upepo.

Tulichokikuta

Hapo ndipo tulimwita yule kijana fundi. Hakutaka kuja, na tunaelewa. Alikuja kwa sababu mama prezidenti alikwenda mwenyewe mpaka kwao, akakaa, akamwambia: "Mwanangu, tulisema bila kujua. Njoo utuonyeshe." Akajibu: "Mama, mimi nitakuja, lakini mje na hilo daftari lenu."

Alileta kipimo chake cha volti. Batri ilikuwa katika chumba cha nyuma, ambako tuliiweka ili watoto wasiifikie. Kutoka pale mpaka kwenye ampli kulikuwa na waya wa mita 14, mwembamba, ule wa taa. Alipima kwenye batri: volti 12.3. Akapima upande wa ampli, simu zote zikiwa zimetolewa: volti 12. Kisha akasema tuchomeke simu sita. Kwenye batri ilishuka kidogo tu, lakini upande wa ampli kipimo kilionyesha volti 10. Na hapo hapo, mbele ya macho yetu wote, sauti ikakatika.

Alitueleza kwa mfano wa maji. Bomba jembamba na refu linaweza kumpa maji mtu mmoja. Wakija watu sita kuchota pamoja, maji yanadondoka tu. Waya mwembamba ndivyo ulivyo kwa umeme: kadiri vyombo vinavyovuta zaidi, ndivyo volti nyingi zinavyopotea njiani. Ampli yetu ikipata chini ya volti 10 na nusu inajizima yenyewe ili isiharibike, na volti zikipanda tena inawaka. Basi ilikuwa inafanya kazi yake vizuri. Hata zile bafle za kwanza zilikuwa nzima.

Na ile wiki moja nzuri baada ya kununua bafle mpya? Mama mmoja alikumbuka: ilikuwa wiki ya matanga ya jirani. Wengi hawakuja, na simu hazikuletwa.

Kwa habari ya upepo, alifuata waya kwa mkono polepole, sentimita kwa sentimita. Karibu na dirisha alikuta mahali ambapo waya mbili zilikuwa zimesokotwa tu na kufungwa skochi. Skochi ilikuwa imekauka. Upepo ukipiga kile kibao cha dirisha, waya ulitikisika, ukaachana kidogo, ukashikana tena. Na nani aliyesokota waya ule? Ni sisi wenyewe, siku tuliyohamisha meza.

Matengenezo yalikuwa haya. Batri ilisogezwa mita mbili kutoka kwenye ampli, ndani ya sanduku la mbao lenye matundu ya hewa na kufuli. Waya mwembamba uliondolewa, ukawekwa mnene wa milimita 2.5. Konvertisa ya simu ilipata waya wake peke yake kutoka kwenye batri. Kila kiungo kililehemiwa. Gharama yote, pamoja na kazi ya fundi, ilikuwa dola 11. Tangu hapo tumejaza kurasa sita za daftari bila kuandika neno "ilikatika".

Siku ya Yenga iliyofuata tulisimama mbele ya wamama wote, tukamwomba kijana msamaha kwa sauti, kwa sababu neno baya nalo lilisemwa kwa sauti. Mama yake amerudi kwenye mkutano. Zile redio mbili zimerudi kwake pia.

Nyumbani kwako: anza hapa

Si kila nyumba iko na ampli, lakini karibu kila nyumba iko na redio ndogo, simu, au bafle ya Bluetooth. Haya ndiyo tuliyoyapima pamoja na fundi.

*Redio inanguruma au inapiga mluzi.* Itoe kwenye umeme wa nyumba, weka mawe mapya, toka nayo mpaka katikati ya uwanja. Ikisema vizuri huko, redio yako ni nzima, na kelele inatoka ndani ya nyumba. Mara nyingi ni konvertisa ya bei ndogo, chaja, au taa fulani za LED. Zima kimoja kimoja mpaka kelele iishe, na hapo utamjua adui.

*Inapiga "trr-trr-trr" halafu simu inaita.* Hiyo si ugonjwa. Ni simu inayoongea na mnara wake, na waya za redio zinaipokea. Sogeza simu hatua mbili au tatu.

*Inasikika pembe moja ya nyumba tu.* Mawimbi ya FM yanatembea karibu sawa na macho: mlima ukisimama katikati, yanapungua. Hapa Masisi milima haikosekani. Jaribu dirisha linalotazama upande wa mnara, nyoosha antena, ilaze, igeuze. Mita moja tu inaweza kubadilisha kila kitu. Bati la nyumba pia linazuia, kwa hiyo usiweke redio chini kabisa ya bati au nyuma ya kabati la chuma.

*Sauti inapanda na kushuka kama mtu anayepumua, kwenye idhaa za mbali.* Kama ni mawimbi mafupi, usimlaumu fundi. Mawimbi hayo yanapanda juu sana angani na kurudi duniani, na anga hiyo inabadilika mchana na usiku. Tafuta masafa mengine ya idhaa ile ile.

*Bafle ya Bluetooth inakatika.* Bafle nyingi ndogo zinashika simu mpaka karibu mita 10 ikiwa hakuna kitu katikati. Ukuta unapunguza, na mwili wa mtu unapunguza pia, kwa kuwa mwili umejaa maji. Mama akiweka simu katika mfuko wa kitenge na kugeuka kuelekea jikoni, sauti inakatika. Weka simu mezani, ionane na bafle. Kama bado inakatika, chaji bafle mpaka ijae, kisha jaribu tena.

*Nyimbo za kadi memwari zinaruka.* Toa kadi, pangusa sehemu zake za njano kwa kitambaa kikavu, rudisha. Jaribu kadi hiyo katika simu ingine. Ikiruka mahali pale pale pa wimbo, kosa liko kwenye wimbo au kwenye kadi, si kwenye bafle. Jihadharini pia na kadi zinazoandikwa ukubwa ambao hazina: nyimbo za kwanza zinasikika, za mwisho haziingii.

*Redio ya intaneti inasimama na kuzunguka.* Hapo ni mtandao unaochelewa. Redio inayotuma kilobiti 64 kila sekunde inakula karibu mega 29 kwa saa moja. Ya kilobiti 128 inakula karibu mega 58. Chagua ile ndogo: kwa habari na mafundisho inatosha kabisa. Na kama kipindi kinaweza kupakuliwa, kipakue alfajiri, wakati watu wachache wako kwenye mtandao, usikilize jioni bila wasiwasi.

*Redio ya mawe inakufa ukiigusa.* Fungua pale mawe yanapokaa. Ukiona unga mweupe au kijani kwenye vile vyuma vidogo, vipanguse kwa limau kidogo kwenye kitambaa, vikaushe vizuri, kisha visugue polepole kwa msasa mwepesi. Usichanganye mawe mapya na ya zamani. Redio ikikaa wiki nyingi bila kutumiwa, toa mawe.

Tahadhari nne kwa ajili ya watoto

Usiunganishe pano moja kwa moja na redio. Pano inayoitwa ya volti 12 inaweza kutoa zaidi ya volti 20 wakati jua ni kali na hakuna kinachovuta umeme. Lazima regileta iwe katikati.

Batri ya gari au ya pano ina asidi ndani. Mtoto asiifungue, asiilaze, asiichezee kwa kijiko cha chuma. Asidi ikimgusa, mwoshe kwa maji mengi yasiyo machafu na mpeleke kwenye kituo cha afya.

Batri inapochajiwa inatoa hewa inayoweza kuwaka. Usiiweke karibu na mbabula wala mshumaa.

Usiingoje batri ife kabisa ndipo uichaji. Ikiwa imepumzika na kipimo kinaonyesha volti 12 au chini, imekwisha vuka nusu. Batri inayomalizwa kila usiku haitazeeka nyumbani kwako.

Neno la kumaliza

Tumejifunza kuuliza maswali matatu kabla ya kufungua sanduku la pesa: Inakatika lini? Nini kingine kinafanyika saa hiyo? Tumebadilisha kitu gani karibuni? Mtu ambaye hawezi kujibu maswali hayo hajawa tayari kununua, na kabisa hajawa tayari kumtaja mtu.

Mwenzetu wa maharage ndiye sasa anayetunza daftari. Lile gunia lililoota alilipanda lote kwenye shamba la mteremko, na limechipuka. Bado anasema angependelea kuliuza.

Siku ya Posho, baada ya kazi za shamba, fundi atakuwa katika chumba cha mkutano pamoja na kipimo chake. Kila mama anayeteseka na redio au bafle aje nayo, pamoja na chaja na waya zake zote, maana mara nyingi ugonjwa uko huko. Kupima ni bure kwa wanachama. Na kama utaweza, anza leo kuandika: siku, saa, na kilichokuwa kinafanyika nyumbani. Karatasi moja ya daftari la mtoto inatosha.